Biskuti za Sungura Watatu

Meno ya sungura hayaachi kukua. Hilo sikulijua mpaka mjukuu wangu aliponishika mkono akanipeleka uani, akambana mmoja mapajani, akamfunua mdomo kwa vidole viwili.

"Tazama, Bibi. Akikosa kitu kigumu cha kutafuna, yatapinda yamtoboe."

Nilitazama. Yalikuwa ya manjano, marefu, yamepinda kama kucha za mzee asiye na wa kumkata. Nikasema basi tutamtafutia kitu kigumu.

Sungura walikuwa watatu. Pamba, jike jeupe, mzito kama mto wa kulalia. Jivu, mwenye meno hayo. Na Kizibo, mdogo, ambaye wenzake walimsukuma kila chakula kilipoingia, akabaki kula makombo. Mwanangu ndiye aliyewaleta, ndani ya boksi la mota ya friji, mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe. Yeye ni fundi wa mafriji, si mtu wa maneno. Aliliweka boksi mbele ya mtoto akasema, "Haya, wa kwako." Mtoto alikuwa na miaka minane wakati huo. Tangu mama yake afe alikuwa hali chakula isipokuwa nimlishe mimi kwa mkono wangu, na hasemi ila na mimi. Wale sungura ndio waliomfungua kinywa. Sasa ana kumi na mmoja, na ulimi wake haushikiki.

Alinakili maelezo ya biskuti za sungura kutoka kwenye simu ya baba yake, akaniletea karatasi. Shayiri iliyopondwa, karoti iliyokwaruzwa, ndizi moja iliyoiva sana, maji kidogo, na majani ya giligilani yaliyokaushwa. Hakuna sukari, hakuna chumvi, hakuna mafuta.

"Hiyo si biskuti," nikamwambia. "Hiyo ni adhabu."

"Ni yao, Bibi, siyo yako."

Mimi nilikuwa mkata biskuti katika kiwanda cha mikate miaka ishirini na miwili. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nikifa nitaomba kwanza kuliona tanuri la motoni, kama limepangwa vizuri, na mimi nikimwambia aombe toba. Lakini ni kweli unga naujua. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba kitu kisicho na mafuta hakiokwi kwa moto mkali, kitaungua nje na ndani kibaki uji. Kinakaushwa. Moto mdogo, mlango wa tanuri uachwe wazi upana wa kijiko, na uvumilivu. Tulikata kwa kifuniko cha chupa, kimoja kimoja, na mtoto akatoboa kila kimoja kwa uma. Baada ya saa mbili vilikuwa vigumu kama vifungo vya koti. Jivu alipokigeuza cha kwanza mkononi na kuanza kukisaga, krr krr krr, mtoto alinirukia shingoni.

Ikawa ni kazi yetu ya kila Alhamisi, akitoka shule. Kopo la biskuti za sungura lilikaa juu ya rafu, upande wa tanuri, na mtu mwingine hakuligusa.

Mkaza mwanangu, mke mpya wa mwanangu, alikuja nyumbani mwezi wa tano mwaka huu. Ni mshonaji wa sare za shule katika karakana yenye cherehani arobaini, na kwa sababu ya kelele za huko amezoea kuongea kwa sauti kubwa hata akiomba chumvi. Mimi nilimpenda mapema. Mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema ana moyo mwepesi. Mtoto hakumpenda. Aliambiwa amwite Mama Mdogo, akamwita hivyo, lakini kama anayetema kokwa.

Na mkaza mwanangu huyo utani hakuujulia kipimo. Jioni moja alipita karibu na banda akajifunga kanga puani.

"Hawa wenzako wananuka kuliko baba yako akitoka kazini! Siku moja nitawatia kitunguu, tuone."

Mwanangu akacheka. Mimi nikacheka. Mtoto aliinua macho akamtazama, kisha akainama akaendelea kufagia banda. Niliuona ule mtazamo, nikaacha kucheka. Nilidhani muda utawazoesha.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo. Giligilani niliyoianika iliota ukungu, nikaitupa. Alhamisi mtoto alichelewa kutoka shule, wana mazoezi ya kuimba, nikaona nisimvunjie ahadi. Nilichanganya shayiri, nikakwaruza karoti, nikaponda ndizi. Nikatafuta cha kuweka badala ya giligilani.

Kwenye mfuko wa karatasi, nyuma ya mlango wa jikoni, huwa naweka majani ya mparachichi. Nayakausha mwenyewe kivulini. Nachemsha manne kila asubuhi, nakunywa kwa ajili ya presha, huu mwaka wa kumi na moja. Nikajiambia: kilichonishikia mimi uhai kitamdhuru nini mnyama? Tena Pamba alikuwa na wasiwasi wasiwasi siku zile, anakwangua mbao za banda, nikasema yatamtuliza. Nikasaga konzi mbili nzima. Kwa harufu ya ndizi hawakuweza kuyahisi. Nilisema bismillahi nilipoweka sinia ndani, kama ninavyosema siku zote.

Mtoto aliporudi akazikuta biskuti zimepoa. Akawapa Pamba na Jivu. Kizibo alikuwa na kidonda mdomoni, hakuweza kutafuna kigumu, akapewa majani ya karoti. Sikumwambia mtoto nimebadilisha nini. Sikuficha; sikuona jambo la kusema.

Jumamosi asubuhi Pamba alikuwa pembeni ya banda, shingo imevimba, anapumua kwa ubavu mzima. Kufika adhuhuri alikuwa amekufa. Jivu alimfuata Jumapili, naye vilevile, shingo na pumzi. Mtoto hakulia. Alimshika Jivu mapajani mpaka akakauka, kisha akasimama akaanza kuzunguka ua, anatazama chini kama aliyeangusha sindano. Akafika kwenye ukuta wa nyuma akachuchumaa. Akaja na ncha ya kidole imejaa unga mweupe.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya mende," mkaza mwanangu akajibu. Alikuwa anaanua nguo. "Nimemwaga juzi. Mende wanatoka kwenye mfereji ule, hukuwaona?"

"Ulisema utawatia kitunguu."

"Nilisema... mwanangu, ule ulikuwa utani."

"Mimi si mwanao. Na mende hawajafa, nimewaona leo. Waliokufa ni sungura."

"Shika adabu," baba yake akasema. Lakini alisema polepole, na macho yake yalikuwa kwenye kile kidole.

Mimi niliona unga ule ulikuwa mbali na banda, hatua kumi na zaidi, na banda limeinuliwa juu ya matofali. Ningemshuku nani, Mungu anisamehe? Sikumshuku mtu. Nilidhani ni maradhi. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda duka la chakula cha mifugo kuuliza, ili huyu mke wa mwanangu atoke kwenye lawama.

Muuzaji ni mtu mzima, alifanya kazi ya mifugo kabla ya kufungua duka. Alinisikiliza huku anapima pumba za mteja.

"Shingo ilivimba? Na pumzi nzito? Walikula nini, Mama? Majani ya viazi? Nyanya? Majani ya parachichi?"

"Parachichi lina nini?"

"Lenyewe halifai, na majani yake ndiyo mauti. Yanashika moyo. Sungura, mbuzi, hata ndege wa kufugwa. Yakiwa mabichi, yakiwa makavu, yote mamoja." Akafunga mfuko. "Mnao mti nyumbani?"

"Hatuna," nikasema. Na ni kweli, hatuna. Majani huniletea jirani.

Nilishika ukingo wa meza mpaka mteja akaniuliza kama nina kizunguzungu.

Nikarudi nyumbani, na sikusema. Jumatatu sikusema. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, sikusema. Nataka niliweke hili wazi, kwa sababu yote mengine yalikuwa ujinga, na ujinga una msamaha. Hili halikuwa ujinga. Mtoto yule alikuwa amewaamini watu wawili duniani, na mmoja tumeshamzika. Nilimtazama akila, anakula kutoka sufuria yangu bila kuangalia, nikasema ndani yangu, akijua, atakula kwa nani? Utoto wake wote nilisimama kati yake na njaa. Nikaogopa. Nilisali sala zote kwa wakati wake, na kila nilipoweka paji la uso chini niliona lile sinia. Utotoni, chuoni kwa mwalimu wa Kurani, tulihadithiwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia ndani mpaka akafa njaa. Tulikuwa tunashangaa, paka tu!

Huku nyumba inaharibika mbele ya macho yangu. Mtoto hakukaa chumba kimoja na mama yake wa kambo. Akiletewa chakula naye, anakimwaga. Shuleni aliandika insha juu ya mwanamke anayeua wanyama, mwalimu akamwita baba yake. Ijumaa mchana mwanangu alirudi kabla ya wakati, akasimama mlangoni mwa chumba chao.

"Nenda kwa dada yako wiki mbili," akamwambia mkewe. "Mtoto apoe."

"Mimi nimeua?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema hivi: hukuua. Neno moja tu. Nalisubiri tangu Jumapili."

Mwanangu akakuna shingo. "Siamini wala sikatai."

"Ehee." Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha, ilibaki ndogo kama ya mgonjwa. "Friji ya watu ukiifungua unajua kilichokufa ni kipi. Mke wako humjui." Akaburuta begi kutoka chini ya kitanda.

Mtoto alikuwa amesimama ukumbini, mgongo ukutani. Anasikiliza. Uso wake ulikuwa umetulia, na ule utulivu ndio ulionipasua. Nikaona namfundisha mtoto huyu kwamba ukimsingizia mtu kwa bidii, anaondoka.

"Rudisha begi," nikasema. "Njooni wote hapa."

Wakaja. Nikawaambia nikiwa nimesimama. Giligilani iliyooza, mfuko nyuma ya mlango, konzi mbili, dukani Jumatatu, neno kwa neno. Nikasema nimejua siku nne na nimenyamaza. Nikamgeukia mkaza mwanangu. "Nimekuacha ubebe jeneza langu. Nisamehe."

Alikaa juu ya begi lake. Akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Huyu aliniamini mara moja.

Mtoto alicheka. Kicheko kidogo, cha mapenzi, kama mtu mzima anayemcheka mtoto.

"Bibi," akasema, "wewe mwenyewe ulinifundisha. Uongo wa kupatanisha watu hauandikwi kitabuni."

"Huu si uongo."

"Ulisema lazima mtu auseme kama kweli, ndiyo unafanya kazi. Baba na Shangazi walipogombana ulifanya hivyohivyo, ukasema wewe ndiye uliyepoteza funguo. Mimi nilikuwepo." Akanikumbatia kiunoni. "Hukufanya. Wewe huwezi. Unamwonea huruma tu huyu."

"Mama," mwanangu naye akasema taratibu, "kama unajibebesha ili..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Hata wewe?"

Nikafungua mfuko, nikawaonyesha majani. Mtoto akasema ndiyo, hayo ni ya chai yako, unayanywa kila siku na hujafa. Ndiyo hesabu niliyopiga mimi mwenyewe. Nikasema basi kesho nitakwenda kumleta yule muuzaji, aseme mbele yenu nyote. Kopo nikaliacha juu ya rafu, na biskuti zake saba ndani, ili muuzaji aone kwa macho yake na kunusa. Niliona nimefanya busara. Ushahidi hautupwi.

Mkaza mwanangu hakuondoka. Begi lilikaa ukumbini, limefungwa.

Jumamosi nilitoka saa tatu. Duka lilikuwa na watu, nikasubiri zamu yangu, nikamweleza. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema atakuja alasiri akishafunga. Nikarudi kwa miguu, nimepata nafuu kidogo moyoni. Nikapita jikoni kuweka mkoba.

Rafu ilikuwa tupu.

Nilimkuta mtoto uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kopo miguuni, Kizibo mapajani. Kidonda chake cha mdomo kilikuwa kimepona. Krr krr krr.

"Ona, Bibi," akasema, na alikuwa anatabasamu, hajatabasamu hivyo wiki nzima. "Anazipenda. Nimempa sita, na hii ya saba. Kesho akiwa mzima, Baba atajua si wewe. Hawatakulaumu."

Sijui nilivukaje ua. Nilikipokonya kipande kilichobaki, nikamtia kidole Kizibo mdomoni, nikatoa kitafunwa kilicholowa. Kidogo sana. Nilimpa maji, akanywa. Mtoto alikuwa anasema, "Unafanya nini, Bibi? Unamtisha! Bibi, muache!" Kisha akauona uso wangu. Sikuwahi kumwona mtu akikua mbele yangu kwa muda mfupi vile.

"Ulikuwa unasema kweli," akasema.

Mkaza mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, cherehani ya mkono nyuma yake bado na kitambaa kwenye sindano. Alikuja akapiga magoti kwenye matope akamweka mtoto kifuani, na mtoto, ambaye hakuwahi kumruhusu hata kumsuka, hakumsukuma.

Muuzaji alikuja alasiri kama alivyoahidi. Alimpapasa Kizibo, akaweka sikio ubavuni mwake, akaniomba kopo. Alinusa vumbi lililobaki chini. Akatikisa kichwa.

"Sindano?" mwanangu akauliza. "Kidonge? Chochote?"

"Hakuna dawa ya hili. Mwekeeni maji, mumweke penye hewa. Msimshikeshike."

Basi tukangoja. Kusubiri mgonjwa nakujua, nimekaa na mume wangu miezi saba. Lakini mgonjwa mwanadamu utamtamkisha shahada, utamgeuza ubavu, utamfuta jasho. Kizibo alikaa tu, macho wazi, anatutazama sote sawasawa, bila kujua nani ni nani. Jumapili kabla ya adhuhuri shingo ilishavimba. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi chini, uso wake karibu na wake, na mkono wa mkaza mwanangu mgongoni.

"Hukujua, mama," mkaza mwanangu alikuwa anamwambia mtoto. "Hukujua."

"Niliambiwa," mtoto akasema. "Bibi aliniambia, nikamcheka."

Nikafungua mdomo kusema kosa ni langu, la kwake ni langu, vyote ni vyangu. Nilisema. Mtoto hakugeuza kichwa. Maneno yangu yalifika, nayajua yalifika, lakini hayakumpunguzia kitu. Kizibo alivuta pumzi mbili ndefu, akanyoosha miguu ya nyuma kama anayetaka kuruka.

Mwanangu alichukua jembe. Mtoto akamnyang'anya. Alichimba mwenyewe, na udongo ulikuwa mzito kwa mvua, na alipochoka alimpa jembe Mama Mdogo, kisha akalichukua tena. Mimi nilileta kitambaa cheupe, nimekikata kutoka mtandio wangu. Nilipofika katikati ya ua aliinua mkono, kiganja kimenielekea.

"Bibi, wewe usije."

Hakusema kwa hasira. Nikasimama pale pale. Mkaza mwanangu ndiye aliyenifuata akachukua kitambaa mikononi mwangu.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Begi lilirudi chini ya kitanda. Mwanangu na mkewe wanasemezana, ingawa yeye utani ameupunguza, na mimi naona haya kila akipunguza sauti. Banda mwanangu amelivunja, mbao amezipanga nyuma ya nyumba. Majani ya mparachichi nimeyachoma, daktari amenipa vidonge. Mtoto ananiamkia kila asubuhi, anabusu mkono wangu, ananisomea barua, ananitilia uzi kwenye sindano. Hajanivunjia heshima hata siku moja.

Ila tukikaa kula, sahani ikifika mbele yake, anaweka mikono mapajani.

"Kuna nini ndani?" ananiuliza.

Nami namtajia. Mchele. Maji. Mafuta vijiko viwili. Kitunguu kimoja. Chumvi. Namtajia kila kitu, polepole, nikitazama sahani. Baba yake huacha kutafuna. Mtoto anasikiliza mpaka mwisho, anangoja kidogo kama kuna kilichosahauliwa, kisha anamtazama mama yake wa kambo. Yule akitia tonge mdomoni na kumeza, ndipo mjukuu wangu anaanza kula.